Laki mbili na ushei kwa pweza asiyetafunika: je, sisi ndio hatujui kula?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mkazi wa Mtwara mjini. Mwezi Julai nilimtoa mke wangu kwenye mgahawa wa hoteli moja ya kishua hapa kwetu kusherehekea miaka kumi ya ndoa. Vitambaa vyeupe, mishumaa, glasi tatu kwa kila mtu. Tukaanza na pweza wa kuchoma; alikuwa kandambili. Kamba koche alilainika kupita kiasi, anamomonyoka kwenye uma. Steki niliagiza midiamu, ikaja inatoka damu. Mke wangu alikula jodari, akalalamika ulimi unawasha, na baada ya nusu saa uso ukawa mwekundu na kichwa kikamgonga. Alfajiri alikuwa mzima. Vipande vyenyewe vidogo, vimewekwa katikati ya sahani kubwa, na keki ya stroberi ilikuwa bado na barafu ndani. Nilipomuuliza mhudumu kuhusu pweza alisema mapishi ya kimataifa ndivyo yalivyo, nami nikanyamaza nisionekane mshamba. Bili ilikuwa 210,000, wakaongeza asilimia 10 ya huduma, kisha VAT, jumla 272,580, kwa risiti ya kuandikwa kwa mkono. Tumepigwa, au hatujui kula? Na kuna jambo jingine: mdogo wangu anataka kufanyia harusi hapohapo mwezi Desemba. Nimwambieje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa miaka kumi. Nimepika kwenye majiko ya hoteli za pwani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sasa nawafundisha vijana wanaoingia jikoni, kwa hiyo nakujibu nikiwa upande wa pili wa ule mlango ambao wahudumu wanaingilia na kutokea. Mambo uliyoyataja hayana uzito sawa. Umeanza na pweza kwa kuwa ndiye aliyekuudhi. Mimi naanza na jodari, kwa kuwa huyo angeweza kuwalaza hospitali ya Ligula.

Ulimi kuwasha pasipo pilipili, uso kuiva, kichwa kugonga, yote ndani ya muda mfupi baada ya kula na kuisha kabla ya asubuhi: daktari ndiye wa kuthibitisha, lakini mpishi yeyote aliyefunzwa akisikia maneno hayo anajua la kushuku. Inaitwa sumu ya histamini. Nyama ya jodari, nguru, vibua na samaki wa aina hiyo ina histidini nyingi, moja ya chembe zinazojenga protini. Samaki akikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini. Na histamini haiondoki kwa moto. Kaanga, choma, chemsha, gandisha, itakuwemo tu. Mbaya zaidi, samaki huyo anaweza asinuke wala asibadilike rangi, akaletwa mezani na limau pembeni, anapendeza. Kinga ni ubaridi, tangu anapotoka majini: barafu kwenye chombo cha mvuvi, barafu sokoni, kisha friji ya nyuzi 4 au chini yake mpaka dakika ya kupikwa. Mahali pamoja tu kati ya hapo pakilegea, pengine saa chache mchana umeme ukiwa umekatika, kazi imeshaharibika na hakuna fundi wa sosi atakayeitengeneza.

Hapa naomba umsomee mkeo. Watu wengi wakipatwa na hali hii huambiwa wana aleji ya samaki, wakaacha kula samaki kwa miaka. Kama amekula jodari maisha yake yote bila shida, kosa linaelekea kuwa la samaki yule mmoja. Aende kwa daktari, amweleze alikula nini na dalili zilianza baada ya muda gani, asijifungie mlango wa samaki kwa kudhani tu. Na siku nyingine samaki akimwasha mdomoni bila pilipili, ateme hapohapo, asimalizie eti ameshalipiwa. Kifua kikibana au pumzi ikawa nzito, hiyo ni hospitali moja kwa moja.

Katika barua yako yote, hili ndilo pekee linalostahili kufikishwa kwa afisa afya wa manispaa. Mengine ni ya kuzungumza na meneja.

Sasa pweza wako. Yule mhudumu alikudanganya, ingawa naamini hakujua kwamba anadanganya. Alirudia alichoambiwa jikoni. Hakuna taifa linalokula pweza wa mpira kwa kupenda. Wagiriki humpigiza kwenye mwamba. Wahispania humchovya na kumtoa kwenye maji yanayochemka kabla ya kumwacha humo achemke taratibu. Wajapani humsugua na kumkanda kwa chumvi. Na kwetu, nani hajaona pweza akipigwa kwa gongo ufukweni? Wote hao wanapigana na kitu kimoja, kolajeni, protini ngumu inayoshikilia nyama, ambayo imejaa kwenye mikono ya pweza. Ikipata moto wa muda mfupi hujikaza, na nyama inakuwa kama ulivyoila. Ukiendelea kumchemsha kwa moto mdogo, saa nzima hivi au zaidi kwa pweza mkubwa, kolajeni inayeyuka kuwa jelatini na nyama inalegea. Ndipo unampeleka kwenye mkaa dakika mbili tatu apate rangi na harufu ya moshi. Jiko lililowapikia lilimtoa kwenye friza likamweka moja kwa moja juu ya moto. Tena friza yenyewe haina lawama hapa, maana kugandishwa husaidia kuvunja nyuzi za nyama yake. Iliyorukwa ni ile saa moja ya sufuria, na haikurukwa kwa kukosa utaalamu mkubwa. Kijana anayeuza supu ya pweza jioni kando ya barabara, kwa bei isiyozidi nauli ya bodaboda, anaifuata hatua hiyo kila siku.

Kamba koche ana ugonjwa ulio kinyume cha huo. Ukimpika kupita kiasi anakuwa mkavu na mgumu. Akimomonyoka, alikufa zamani. Ndani ya kichwa chake kuna vimeng'enya vya kusagia chakula, na mara akifa huanza kumsaga yeye mwenyewe, vikisambaa hadi kwenye mkia. Ndiyo maana mnunuzi makini humtaka akiwa hai anarusha mkia, au anataka mkia uliotenganishwa na kichwa na kugandishwa mara tu baada ya kuuawa. Aliyekufa ndani ya ndoo asubuhi, akakaa na kichwa chake mpaka jioni, ndiye unayemkuta kwenye sahani akiwa uji uliovaa gamba. Kwa kawaida hicho ndicho chakula ghali kuliko vyote kwenye menyu, na kwa hicho ulikuwa na haki ya kurudisha sahani bila hata kuomba radhi.

Kwenye steki, mwanangu, sikuungi mkono. Uliagiza midiamu, na midiamu huwa na rangi ya waridi katikati. Yale maji mekundu si damu. Damu nyingi ilitoka machinjioni. Unachokiona ni maji ya nyama yenye myoglobini, protini inayoipa misuli rangi yake. Jiko lilifanya ulichoagiza. Lakini kwa kuwa tuko Tanzania, nitaongeza neno ambalo wapishi wenzangu wanaojifunza kwa video hawapendi kulisikia. Ng'ombe wetu wengi ni wa malisho, wana nyama kavu isiyo na mafuta ndani, na minyoo tegu ipo kwenye mifugo. Mimi mwenyewe nyama ya ng'ombe nisiyojua ilikaguliwa wapi nasema iive kabisa, nami nala kwa amani. Ukitaka hivyo, sema hivyo. Wala hakuna ushamba ndani yake.

Na udogo wa vipande? Nusu una haki, nusu huna. Ule mtindo wa chakula kidogo katikati ya sahani kubwa nyeupe ulivuma Ufaransa miaka ya 1970, na una mantiki yake pale mlo unapopangwa kuwa wa sahani saba au nane zinazofuatana. Mtu hula vijiko vitatu vya hiki, vitatu vya kile, anaondoka ameshiba. Wenu haukupangwa hivyo. Mliagiza sahani tatu kila mmoja, mkapewa ukubwa wa sahani nane. Wameiga sura ya sahani, hesabu ya tumbo wakaiacha hukohuko. Ila mgahawa mwingine ukikupa vipande vidogo katika mlo mrefu na kila kimoja kina ladha, usiwalaumu.

Keki yenye barafu haina la kujadili. Ilitolewa friza wakati mnamalizia steki.

Umeuliza kama mmepigwa. Sidhani kama kuna mtu alikaa chini akapanga kuwapiga, na nikueleze ninavyoona ilivyotokea, kwa sababu hapo ndipo utajua umwambie nini mdogo wako.

Unakumbuka Mtwara ya mwaka 2012 hadi 2014, wakati gesi ilikuwa kwenye kila mdomo. Hoteli zilijengwa na kupanuliwa kwa ajili ya mgeni mmoja: mtu wa kampuni ya mafuta, analipiwa na kampuni, anataka kukuta steki na keki anazozijua kwao. Menyu zikaandikwa kwa ajili yake. Mgeni huyo akapungua sana, menyu ikabaki. Leo mgahawa wa namna hiyo una kurasa nne za vyakula na meza tano zenye watu siku za kawaida. Piga hesabu ya mwenye jiko. Ili aweze kukupa kila kilichoandikwa kwenye kurasa nne, lazima kila kitu kiwemo kwenye friza muda wote, na kwa kuwa wateja ni wachache, kila kitu kinakaa. Jodari anasubiri, kamba koche anasubiri, keki inasubiri. Mpishi hawezi kuchemsha pweza saa moja kila jioni kwa ajili ya oda ambayo huenda isije, kwa hiyo anasubiri oda, na oda ikija anakuwa na dakika ishirini tu. Chakula chenu kiliharibika kabla hamjavaa viatu kutoka nyumbani. Mlango wa mgahawa ukiufungua ukakuta menyu nene na ukumbi mtupu, hiyo inatosha kukuonya, hata kabla ya bei.

Tena mlikwenda Julai. Katikati ya kusi, upepo mkali, wavuvi wenye vyombo vidogo hupumzika siku nyingi. Na pweza wana kalenda yao: hupatikana kwa wingi wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na miamba ikawa wazi. Siku za maji mafu wavuvi wa miguu wanaambulia kidogo. Jiko linaloheshimu pwani lingewaambia, "Leo hatuna pweza, tuna changu wa asubuhi." Wenye migahawa ya kishua wanaogopa sana sentensi hiyo, wakidhani mteja atawaona maskini. Mimi nikiisikia naagiza nikiwa nimetulia, maana nimejua kuna mtu ndani anayekwenda sokoni.

Kinachoniuma zaidi ni ile keki. Mpo kwenye mkoa unaoongoza kwa korosho nchini, na kitindamlo kinatoka kwenye boksi la friza! Korosho zilizokaangwa na sukari, tui la nazi, mabibo msimu wake ukifika. Mpishi mwenye mikono angetoa sahani ambayo mgeni wa Paris hajawahi kuiona. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya kusini, iliyochemshwa vizuri, ikawekwa chumvi na pilipili, ingekaa kwenye ile sahani nyeupe bila aibu yoyote. Nimewaambia vijana wangu mara nyingi: mgeni akitaka steki ya kwao ataila kwao, na ataila nzuri kuliko yako.

Tuje kwenye kunyamaza kwako. Najua tulivyolelewa, ukiwa mgeni husemi chakula kibaya, unakula unashukuru. Adabu hiyo ni ya nyumbani kwa watu, walikokupikia bure. Mgahawani umenunua, na jikoni tunategemea useme mapema, sahani ikiwa bado imejaa. Pweza aliyerudi na mikono mitano naweza kumbadilisha. Sahani iliyorudi tupu halafu malalamiko yakaja kwenye bili, naanza kufikiri mteja anakwepa kulipa. Huhitaji kelele. Mhudumu akipita na kuuliza, "Chakula kinaendeleaje?" usiseme kizuri. Sema, "Kaka, huyu pweza hatafuniki, naomba mpishi aonje, halafu utuletee kitu kingine." Neno "aonje" lina nguvu, kwa sababu linamtoa mhudumu kwenye ubishi na kumrudisha jikoni na sahani mkononi. Akikuletea habari za kimataifa, muombe meneja, kwa upole, bila kumwaibisha kijana. Mshahara wake haumruhusu kumpinga mpishi mkuu.

Kuhusu bili. Ile asilimia 10 ya huduma si tozo ya serikali, ni ya hoteli yenyewe. Kama imeandikwa kwenye menyu, mlikubali mlipoagiza. Kama haikuandikwa popote, mna haki ya kuihoji, hasa kwa huduma hiyo. VAT ni habari nyingine. Kiwango cha kawaida ni asilimia 18, nao walikipiga sawasawa: 210,000 na 21,000 ya huduma ni 231,000, na asilimia 18 yake ni 41,580. Hesabu haina kosa. Ila anayeruhusiwa kutoza VAT ni mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi hiyo, naye anapaswa kutoa risiti ya mashine ya EFD, yenye TIN na namba yake ya usajili wa VAT, ile wanayoiita VRN. Mliyopewa imeandikwa kwa mkono. Mmelipa zaidi ya elfu arobaini kwa jina la kodi, na mkononi hamna kinachoonyesha kwamba ilikwenda TRA. Rudi ukaombe risiti ya mashine. Wakizungusha, ofisi za TRA zipo hapo mjini na wanapokea taarifa za namna hiyo.

Barua kwa meneja iandike fupi. Tarehe, saa, meza, mlichoagiza. Tanguliza jodari na hali ya mkeo, halafu kamba koche, halafu pweza. Steki iache, usimpe mahali pa kukushikia. Usiseme "mmetuharibia sherehe" ingawa wameiharibu. Meneja akiona hasira atajibu hasira, akiona saa na dalili ataita mpishi. Mwombe mambo mawili: risiti ya EFD, na kurudishiwa bei ya jodari, kamba koche na pweza. Kudai bili yote hutashinda, kwa kuwa vinywaji mlikunywa na steki ilikuwa sahihi. Akikupa chakula cha bure badala ya pesa, ni juu yenu. Mimi ningechukua pesa.

Halafu mdogo wako na harusi ya Desemba. Asikimbie hoteli hiyo kwa sababu yenu tu, maana chakula cha harusi ni kazi tofauti na ya meza ya watu wawili, na majiko mengi yanayoshindwa oda moja moja hupika pilau la watu mia tatu likanyooka. Idadi inajulikana, siku inajulikana, na hakuna cha kusubiri kwenye friza. Desemba pia bahari imetulia, kaskazi imeingia. Lakini asilipe kianzio kabla ya kuonja menyu yenyewe watakayopika, si sampuli ya keki na soda. Samaki kwenye bufee wawe changu au chewa. Jodari na nguru waondolewe kabisa, kwa kuwa sinia la bufee hukaa kwenye joto la ukumbi kwa saa nyingi. Aombe aonyeshwe chumba cha baridi, akaangalie kama kuna kipimajoto na kinasoma ngapi. Na aulize swali moja ambalo watu wa harusi hawaulizi: umeme ukikatika, jenereta inawasha nini? Hoteli nyingi zimeiunganisha kwenye taa, muziki na viyoyozi vya ukumbini, ili wageni wasijue kitu, huku friji za jikoni zikiwa zimezima. Wakimjibu kwa kusitasita, ukumbi akodi kwao na chakula akitafutie wapishi wengine, kama hoteli itakubali chakula cha nje. Hilo nalo aliulize kabla ya kianzio.